Rimu kubwa, upepo wa ngapi?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ilazo hapa Dodoma na kazini kwangu ni Mtumba. Nimenunua Toyota Allion ya cc 1800 kwa kijana ambaye alikuwa ameshaibadilisha rimu. Kibandiko cha mlangoni kinasema tairi 195/65R15, mbele 230 kPa na nyuma 220 kPa, lakini rimu zilizopo sasa ni za inchi 17. Matairi ya mbele yameandikwa 215/45R17 87W, ya nyuma 215/45R17 91W XL. Kijana wa pancha ananijazia 28, anasema huku kwetu kuna joto, nikizidisha tairi litapasuka njiani. Kaka yangu anasema nijaze 50 kwa sababu ubavuni mwa tairi la nyuma imeandikwa MAX 50 PSI. Mume wangu anasema nifuate mlango. Kila mwezi tunakwenda Dar, na mara nyingine tunakwenda kwa wakwe upande wa Kondoa, ambako ukishaacha lami ni vumbi na makorongo. Mwezi uliopita niliingia kwenye shimo, tairi la mbele kushoto likatoa kinundu ubavuni kama nusu limau, ila halipotezi upepo. Nijaze ngapi?"

Marahaba mama, na pole kwa hilo shimo.

Nianze na jambo uliloliweka mwishoni, kwa sababu ni la haraka kuliko upepo wote tutakaouzungumza hapa. Hicho kinundu. Tafadhali usiendeshe tena gari likiwa na tairi hilo, hata kwenda kazini. Nje ya tairi unaona mpira, lakini mpira peke yake hauwezi kuzuia upepo. Ndani ya ubavu kuna nyuzi nyingi nyembamba zilizopangwa kama zile za mfuko wa sandarusi, na hizo ndizo zinazolishika tairi lisivimbe. Ulipoingia kwenye shimo, ubavu ulibanwa katikati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi zikakatika pale pale. Sasa pale kwenye kinundu umebaki mpira mtupu, na upepo unausukuma nje. Halipotezi upepo kwa sababu ngozi ya ndani bado haijatoboka. Ikitoboka haitavuja taratibu kama pancha ya msumari, itaachia yote kwa mara moja, na hilo ni tairi la mbele. Haliwekewi kiraka, wala halishonwi. Anayekuambia atalitibu kwa ndani, mshukuru na uondoke.

Leo funga spea. Kama spea yako ni ile ya asili ya inchi 15, kimo chake kinazidi cha tairi la sasa kwa milimita 9 tu, kwa hiyo itakufikisha dukani bila shida ukienda polepole. Isikae wiki nzima pale mbele.

Haya, sasa upepo. Kibandiko cha mlangoni kinatumia kPa, kijana na kaka wanatumia psi; vyote ni vipimo vya msukumo wa upepo, na 230 kPa ni psi 33 hivi. Watu watatu wamekupa namba tatu na kila mmoja ana sababu yake. Sitaki kuwabeza. Kijana wa pancha anaogopa joto, na kweli joto linaua matairi. Kaka amesoma maandishi yaliyopo, na ni wachache wanaosoma. Mume wako ndiye aliye karibu zaidi na jibu, ila kibandiko anachokitegemea kiliandikwa kwa ajili ya tairi ambalo halipo tena kwenye gari.

Ili uone kwa nini, kuna kitu kimoja inabidi kikae sawa kichwani: gari lako linabebwa na hewa. Mpira na nyuzi kazi yake ni kuitunza hiyo hewa. Hewa inabeba kwa mambo mawili yakishirikiana, wingi wa nafasi iliyomo na nguvu ya msukumo wake. Tazama trekta linalolima Kongwa. Tairi lake ni kubwa kama mlango, linabeba tani na tani, na upepo wake ni mdogo kuliko wa gari lako. Halafu tazama baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa. Tairi lake ni jembamba, ukilibonyeza ni gumu kama mti, na likilegea kidogo tu rimu inagusa chini. Nafasi ikiwa ndogo, hewa inatakiwa isukume kwa nguvu zaidi ili ibebe mzigo ule ule.

Sasa angalia lililotokea kwenye gari lako. Tairi la asili, 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15), lina ubavu wa milimita 127 hivi. Hilo la 215/45R17 lina milimita 97. Kimo cha tairi zima kimebaki karibu pale pale, ndiyo maana spidi ya dashibodi haikudanganyi sana, lakini rimu imekua na kula sentimita tatu za ubavu kila upande. Upana ulioongezeka haufidii nafasi yote iliyopotea. Kwa hiyo wanaosema tairi lenye ubavu mfupi lijazwe upepo mdogo "kwa sababu hewa yenyewe inayoingia ni kidogo" wamegeuza mambo juu chini.

Namba ya kubeba mzigo imeandikwa pale pale baada ya saizi, na herufi inayoifuata, W au V, ni ya ukomo wa mwendo. Kwenye tairi la mbele ni 87, maana yake tairi moja likijazwa sawasawa linabeba kilo 545. La nyuma ni 91, kilo 615. Matairi ya asili ya saizi ya 195/65R15 kwa kawaida nayo huwa 91. Ukiishia hapo utadhani matairi yako ya nyuma yako sawa kabisa na yale ya kiwandani, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, mafundi wakiwemo. Zile herufi XL zinasema tairi limeimarishwa, na kwamba kilo zake 615 zinapatikana likijazwa mpaka 290 kPa, karibu psi 42. Tairi la kawaida lisilo na XL hufikia kilo zake kwenye 250 kPa, yaani psi 36. Uimara wa XL uko kwenye uwezo wa kupokea upepo mwingi zaidi. Usipompa huo upepo, hana nguvu ya ziada ya kukupa.

Nimepiga hesabu kwa kanuni wanayoitumia watengenezaji kukadiria, na majibu ni ya makadirio, lakini yanatosha kwa uamuzi wetu. Tairi la asili likiwa na 230 kPa ya mlangoni (psi 33) lilikuwa linabeba kama kilo 575. Tairi lako la 87 ukilijaza hiyo hiyo 33 linabeba kama 510. La 91 XL, pamoja na XL yake, kwa 33 nalo linabeba kama 510. Na kwa ile 28 ya kijana wa pancha, yote mawili yanashuka hadi kama kilo 445. Yaani ukitoka hapo kwake, kila tairi la mbele limepungukiwa kilo 130 kulinganisha na alivyokusudia mtengenezaji wa gari.

Hapa niwe mkweli ili nisikutishe bure. Allion tupu ni kama tani moja na robo, na hata mkipanda watano na mabegi, tairi moja haliwezi kubeba kilo 445 mkiwa mmesimama. Ndiyo maana umeendesha hivyo miezi yote na bado uko salama. Lakini gari halisimami. Ukikanyaga breki ghafla mbuzi anapokatiza, uzito unakimbilia mbele. Ukipita kona, unahamia upande mmoja. Ukiingia kwenye shimo, kwa kitambo kidogo tairi moja linapokea pigo la uzito ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ile akiba ya kilo mia na zaidi iliwekwa kwa ajili ya nyakati hizo. Huenda upepo wa 28 ulichangia hicho kinundu, kwa sababu ubavu uliolegea unabonyea mpaka kwenye rimu haraka kuliko uliokaza.

Turudi kwenye joto, maana naona hofu hii ya joto ndiyo inayowapotosha wengi hapa Dodoma, hasa Oktoba na Novemba jua linapokuwa kali. Chukua kipande cha waya, ukipinde na kukinyoosha mara ishirini upesi upesi, kisha kiguse pale ulipopindia. Kitakuunguza. Tairi nalo liko hivyo. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa lami inabonyea halafu inanyooka. Tairi lako kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 11 kwa sekunde moja. Kutoka hapa mpaka Morogoro, kilomita kama 260, ubavu umepindwa na kunyooshwa zaidi ya mara laki moja na elfu thelathini. Upepo ukiwa wa kutosha, ubavu unapinda kidogo tu na joto linalotengenezwa linapoa kwa hewa ya njiani. Upepo ukiwa pungufu, unapinda sana, joto linazaliwa kwa wingi kuliko linavyotoka, mpira unalainika, nyuzi zinaanza kuachana na mpira, na kama ni tairi lililochoka linapasuka. Watu wakiteremka wanasema limepasuka kwa sababu ya joto na upepo mwingi. Mara nyingi joto hilo lilitoka ndani ya tairi lenyewe, kwa sababu ya upepo mdogo.

Joto la hewa ya nje lenyewe halina maajabu hayo. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo ndani ya tairi unapanda karibu psi 2. Mwendo wa safari unaongeza mwingine, psi 4 hadi 6. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana namba zote, ya mlangoni na ile ya MAX ya ubavuni, ni za tairi likiwa la baridi. Ukipima mchana Gairo au Kibaigwa ukakuta 43 wakati asubuhi ulikuwa na 38, hiyo ndiyo kazi yake ya kawaida. Usitoe. Ukitoa, kesho asubuhi utaamka na tairi lenye 33.

Niliwahi kuletewa gari lenye rimu kubwa kama zako, mwenyewe analalamika tu kwamba usukani unakuwa mzito. Kwa nje tairi lilikuwa zuri, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa lami) bado ndefu. Tulipolivua kwenye rimu ukamwagika unga mweusi, laini kama masizi ya sufuria, wa kujaza kiganja. Ulikuwa mpira wa ndani wa ubavu, umesagika kwa kujikunja juu yake mwenyewe. Nilipitisha kidole nikazigusa nyuzi zenyewe. Mwenye gari alikuwa anajaza 26 na alikuwa ametoka Singida na familia siku mbili kabla. Unga huo ukiuona ndani ya tairi lolote, hata kama nje linang'aa, usilirudishe kwenye gari.

Kuhusu 50 ya kaka, maneno ni machache. MAX ni ukomo, ni ukuta. Mtengenezaji wa tairi hajui litafungwa kwenye gari gani, hivyo hawezi kukupendekezea namba, anakuambia tu usipite hapo. Ukikaa kwenye 50 kila siku, tairi linavimba katikati, linagusa lami kwa sehemu ndogo, breki zinakuwa hafifu hasa mvua ya kwanza inapoilowesha lami yenye vumbi, kashata za katikati zinaisha kabla ya za pembeni, na kila jiwe linakwenda moja kwa moja kwenye rimu na kwenye mgongo wako.

Sasa jibu lenyewe. Nunua matairi mawili ya 215/45R17 91W XL kwa ajili ya mbele, ili yote manne yafanane. Yakiwa hivyo, jaza mbele psi 38 na nyuma 37, asubuhi kabla hujaondoka nyumbani. Hapo umerudi karibu kabisa na ule uwezo wa kubeba aliokupa mtengenezaji wa gari. Siku mkisafiri watano na buti limejaa, au mnarudi kutoka kwa wakwe na gunia la karanga nyuma, weka 40 zote nne. Bado uko mbali na ile 50. Ukiona kwa mizunguko ya mjini peke yako 38 inakurusha sana, shuka hadi 36. Chini ya hapo nisingekwenda na rimu hizo.

Kama mfuko kwa sasa unaruhusu tairi moja tu, tafuta 87W inayofanana na ile ya kulia, kashata zikiwa zinakaribiana, ujaze mbele 36 na usipakie mzigo mzito mpaka utakapokamilisha. Tairi la 87 lisilo na XL halipati nguvu zaidi ukipita hiyo 36, linakuwa gumu tu. Kuweka tairi la aina moja kushoto na la aina nyingine kulia kwenye ekseli moja ya mbele kunaweza kulifanya gari livute upande ukifunga breki, kwa hiyo hilo liepuke.

Na ukienda kwenye tairi za mtumba, kama tunavyofanya wengi, tafuta ubavuni maneno DOT na tarakimu nne za mwisho. 1820 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2020. Jua la huku linakausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa tu. Tairi lililopita miaka 6 mimi silifungi kwenye gari linalokwenda Dar kila mwezi, hata muuzaji akiapa kwamba halijatembea.

Namna ya kupima ina uzito sawa na namba yenyewe. Nunua geji yako mwenyewe, ndogo, ikae kwenye kidroo cha gari. Geji za barabarani zinaanguka, zinakanyagwa, zinashinda juani. Nimewahi kuzipima mbili za vijana wanaokaa jirani kwa tairi moja, zikapishana psi 5. Huenda hata hiyo 28 yako haikuwa 28. Pima asubuhi, gari likiwa limelala, kabla jua halijalipiga upande mmoja, kwa sababu matairi ya upande wa jua yatakuonyesha zaidi na utadhani ya kivulini yanavuja. Kama kompresa iko mbali na nyumbani, pima nyumbani kwanza, uandike kila tairi limepungukiwa ngapi, kisha ukifika uongeze hizo hizo ulizopungukiwa juu ya kile geji inachosoma wakati huo. Geji nyingine zinasoma bar, na bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo 38 yako ni bar 2.6.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wasafiri wa Dar, na nadhani limeshakutokea. Dodoma tuko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya nje hapa inasukuma kidogo kuliko ya pwani. Geji inapima tofauti ya msukumo wa ndani na wa nje. Kwa hiyo ukijaza 38 Ilazo ukashuka mpaka Mbagala, tairi lile lile, kwa joto lile lile, litasoma kama 36. Halijavuja. Ukikaa huko siku nyingi, pima asubuhi na uongeze, na ukirudi nyumbani utakuta limezidi kidogo, basi lirudishe kwenye 38 asubuhi inayofuata. Kwa safari ya siku mbili wala usihangaike, joto la Dar lenyewe linafidia sehemu yake.

Ukitaka kuhakikisha namba zangu kwa gari lako, kuna njia mbili za nyumbani. Pima alfajiri, kisha endesha nusu saa kwenye lami mwendo wa kawaida, usimame na upime papo hapo. Upepo ukiwa umepanda psi 3 hadi 5, tairi linafanya kazi vizuri. Ukipanda zaidi ya 6, linapinda mno, ongeza psi 2 na urudie siku nyingine. Njia ya pili ni ya chaki. Chora mstari mnene kukatisha kashata, kutoka bega hadi bega, endesha mita mia mbili hivi kwenye lami iliyonyooka, ushuke utazame. Mstari ukifutika katikati tu, upepo umezidi. Ukifutika pembeni zote mbili na kubaki katikati, umepungua. Watoto watapenda kukusaidia kwenye hilo la chaki.

Nitrojeni wakikupa na ukaipenda, weka, ni kavu na inapungua polepole zaidi, lakini hewa ya kawaida nayo ni nitrojeni kwa asilimia 78 na namba za kujaza hazibadiliki.

Kuhusu barabara ya kwa wakwe. Utawasikia wenye Land Cruiser wakisema wanapunguza upepo kwenye mchanga. Wana ubavu mrefu wa kuchezea. Wewe una sentimita kumi hazijatimia, na chini yake kuna rimu ya aluminiamu. Kwenye vumbi na makorongo punguza mwendo na uache upepo kama ulivyo. Ukitoka huko, zunguka gari na upitishe kiganja ubavuni mwa kila tairi, nje na ndani kadiri mkono unavyofika. Miiba ya migunga inaweza kubaki imekatika ndani ya kashata na kuvuja kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla hujagundua.

Sasa nikuambie kile ambacho ningemwambia dada yangu. Kwa safari zako, rimu za 17 zinakupa uzuri wa kutazama na kona zilizokaza, lakini zinakudai kila shimo. Kama utapata mtu wa kubadilishana naye, chukua rimu za inchi 16 zenye mpangilio wa matundu kama wako, ufunge 205/55R16 91V. Kimo chake kinatofautiana na cha asili kwa chini ya milimita 3, ubavu unaongezeka hadi milimita 113 hivi, na kwa kuwa ni 91 ya kawaida isiyo XL, unarudi kwenye namba za mlangoni, 33 na 32, na mume wako anakuwa amepatia. Ukizipenda za 17, baki nazo, hakuna ubaya, mradi upepo wake uwe wa kwao.

Kabla ya yote hayo, hiyo rimu ya mbele kushoto ivuliwe tairi na ikaguliwe na mtu mwenye mashine ya balansi, wala si kwa macho tu. Pigo lililokata nyuzi za tairi linaweza kuwa limeipinda rimu au limeipasua ufa mwembamba kama unywele upande wa ndani. Atazame kama ina alama za JWL au VIA, ambazo ni za viwango vya Japani kwa rimu za aluminiamu. Rimu yenye ufa isichomelewe, itupwe. Aangalie pia kama kuna spesa (vipande vya kuisogeza rimu nje) zimewekwa nyuma ya rimu na kama tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu, kile kitovu kinachoishika rimu, kwa sababu rimu za kununua mara nyingi tundu lake ni kubwa na huhitaji pete ya kuziba pengo. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Na usisubiri wikiendi ukiona usukani unatetemeka kuanzia mwendo fulani, gari linavuta upande, tairi linapoteza zaidi ya psi 2 au 3 kwa wiki, au umeshawahi kuliendesha tairi likiwa limeishiwa upepo hata kwa mita chache. Hayo mimi siwezi kuyaona kutoka hapa. Yanahitaji mkono na jicho la mtu aliyepiga magoti pembeni ya gari lako.

Hiyo spea ya inchi 15 unayokwenda kuifunga leo, ijaze kwanza 33, maana ni yeye kibandiko cha mlangoni kilimwandikia. Spea nyingi ninazozitoa kwenye buti hazifiki hata 15.